Kukohoa katikati ya mapenzi, mkojo kuvuja, na ile mimba uliyoambiwa haiwezekani

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha na nimetoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mwenyewe:

"Dokta shikamoo. Nina miaka 27, nina CF (sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mwilini kuwa mzito) tangu nazaliwa, mwezi wa 8 huu natumia Trikafta, dawa ya CF, na kifua kimetulia sana. Nina mwenzangu, tuko pamoja karibu mwaka. Shida yangu ni ya aibu. Tukiwa kwenye tendo nakohoa mpaka inabidi tuache, na nikikohoa mkojo unatoka. Nikipewa antibaotiki tu napata fangasi. Yeye anajua nina shida ya kifua, basi. Juzi kanibusu shingoni akasema mbona una chumvi hivi, nikacheka nikasema ni jasho. Kinga hatutumii kwa sababu tangu mdogo niliambiwa watu wa CF hatuzai. Je ninavyofanya ni hatari kwangu au kwake? Na nitamwambiaje?"

Marahaba mdogo wangu. Ahsante kwa kunifungukia. Mi ni daktari wa kinamama, siku moja kwa wiki nakaa na wenzangu wa kliniki ya mapafu tunawaona kinadada wenye sistiki faibrosisi kama wewe, na nikwambie ukweli hayo uliyoandika hakuna hata moja geni kwangu, ila karibu kila mara nayasikia mgonjwa akiwa ameshashika kitasa cha mlango anatoka, ndo anageuka anasema kwa sauti ndogo dokta kuna kakitu kengine. Dakika 40 zimeisha tunaongelea makohozi, uzito na vimeng'enya vya kusaga chakula, halafu kitu kinachomkosesha usingizi kinapata dakika 1 mlangoni. Kwa hiyo leo tugeuze, tuanze na hako kakitu.

Ila kabla ya kikohozi na kabla ya mwenzako, kuna jambo haliwezi kusubiri. Kapime mimba. Sikutishi, nakuambia tu kwamba ulichoambiwa ukiwa mdogo sio kweli, na kwa dawa unayotumia sasa hivi ndo kimezidi kutokuwa kweli.

Ngoja nikueleze kosa hilo linatokea wapi maana sio wewe tu uliyeambiwa. CF inatokana na hitilafu kwenye jeni moja, inaitwa CFTR, wanasayansi waliipata mwaka 1989. Kazi ya jeni hiyo ni kutengeneza vijilango vidogo sana kwenye seli vinavyopitisha chumvi, na maji yanaifuata. Vijilango visipofanya kazi, ute unakosa maji unakuwa mzito. Kwenye mapafu unaujua, kwenye kongosho unaujua. Sasa kwa wanaume, karibu 97 au 98 katika kila 100 wenye CF ile mirija ya kupitisha mbegu haipo kabisa, haikuumbika, kwa hiyo kweli hawawezi kumpa mwanamke mimba bila msaada wa kitaalamu. Watu wakachukua hilo la wanaume wakatubandika na sisi wanawake. Kwa mwanamke mayai yapo, mirija ipo, kizazi kipo. Kinachobadilika zaidi ni ute wa mlango wa kizazi, ambao nao ni mzito, mbegu zinapita kwa shida, na kama mtu amekonda sana yai linaweza lisipevuke kila mwezi. Kwa hiyo wapo wanaochelewa kushika mimba, lakini kuchelewa na kutoshika kabisa ni vitu viwili tofauti. Ripoti ya kwanza ya mimba kwa mwanamke mwenye CF ilichapishwa mwaka 1960, kipindi ambacho watoto wengi wenye CF hata utu uzima hawakuufikia. Yani hata wakati ule dawa zilikuwa chache na watu wanaumwa sana, mimba zilikuwa zinaingia.

Sasa weka Trikafta juu yake. Dawa hii inafungua vile vijilango, na haichagui inafungua vya kifuani tu, inafungua na vya huku chini, ute unakuwa mwepesi, uzito unarudi, siku zako zinakaa sawa. Marekani waliipitisha Oktoba 2019, na mwaka uliofuata idadi ya mimba kwa wanawake wenye CF kule ilipanda karibu mara mbili. Wengine walikuwa wanazitafuta, wengine walikuwa kama wewe, wameamini maneno ya utotoni. Nimeshakaa na dada kwenye kiti cha mbele yangu analia, sio kwamba hamtaki mtoto, analia kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anahitaji kuchagua.

Basi fanya hivi. Pima kwa mkojo sasa, halafu kuanzia leo tumieni kondomu, na baada ya siku 21 upime tena, maana mimba ya juzi kipimo cha leo kinaweza kisiione. Ikiwa ipo, usiache Trikafta kwa uamuzi wako mwenyewe, nakuomba sana hapo. Wapo walioacha kwa hofu ya kumdhuru mtoto na kifua kikaporomoka ndani ya wiki chache, na kifua kikiporomoka mtoto naye anaumia. Piga kliniki siku hiyo hiyo, mjadiliane kama uendelee. Ikiwa haipo, tutaongea uzazi wa mpango huku chini.

Sasa kikohozi.

Kukohoa wakati wa tendo peke yake sio hatari. Unapumua haraka, hewa inaingia kwa nguvu, mwili unatikisika, makohozi yaliyokaa chini yanasogea. Ni kama ukipanda ngazi ghorofa mbili, na wewe unajua ukipanda ngazi unakohoa na hakuna anayekuambia usipande ngazi tena. Shida ni kwamba kitandani unajaribu kukizuia, na kikohozi cha kuzuiwa ndo kinakuja mara kumi. Kikija, kaa, inama mbele kidogo, kohoa chote, tema. Weka kikopo na tishu pembeni ya kitanda kabla hamjaanza, sio uanze kuvitafuta gizani. Na mwenzako ajue kuwa huu ni mwendo wako wa kawaida ili asidhani amekuumiza, maana wanaume wengi wakiona mtu anakohoa hivyo wanaogopa, anaacha kukugusa, na wewe unatafsiri kuwa ameona kinyaa.

Halafu tumia ulichonacho. Kusafisha kifua unakofanya kila siku, kwa nini kuwe asubuhi tu na jioni kwa ratiba ya kliniki? Jioni mnayojua mtakuwa pamoja, kisogeze. Vuta kwanza dawa ya kufungua njia ya hewa kama umeandikiwa, halafu ya maji chumvi, fanya zile pumzi zako za kuhema kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, toa makohozi, kisha pumzika mpaka pumzi ikae sawa. Sio tumbo limejaa, kwa sababu tumbo lililojaa linabana kifua, na kama una kiungulia (wengi wenye CF mnacho) asidi ikipanda inaleta kikohozi kingine. Wengine wananiambia dokta sasa hapo raha iko wapi, mapenzi ya kupangwa kama kazi? Mi naona kinyume. Ukiwa umeshatoa makohozi akili yako inakuwa kwa mwenzako, haiko kifuani inasikilizia kikohozi kinakuja lini. Na saa nzuri sio lazima iwe usiku, usiku ndo mwili umechoka, kama asubuhi baada ya mazoezi ya kifua ndo una nguvu basi hiyo ndo saa yenu.

Mkao nao una maneno yake. Kulala chali kabisa na uzito wa mtu juu ya kifua ndo mbaya kuliko yote kwako. Jaribuni kulala ubavu yeye akiwa nyuma yako, au wewe juu ukiwa umekaa ili mwendo uwe wa kwako, ukichoka unatulia. Au egemea mito miwili mitatu mgongoni, nusu umekaa. Epuka kichwa kuwa chini kuliko kiuno. Kama siku moja utahitaji oksijeni, mtu anafanya nayo tu, haivuliwi, ila pasiwe na mshumaa wala sigara karibu. Na kama una ile poti ya kupitishia dawa chini ya ngozi kifuani au mrija wa kulishia tumboni, mwonyeshe mkono wake usikandamize wapi, basi, hakuna haja ya kufunika kwa fulana usiku kucha. Kuna siku pia pumzi haitoshi kwa tendo lenyewe na hamu ipo, siku hizo mikono na midomo inatosha kabisa kukufikisha, na wala hilo sio tendo nusu.

Vitu vya kusimama navyo ni hivi. Damu kwenye makohozi, ukiona michirizi pumzika na uwaambie kliniki, ikifika kama kijiko cha chai piga simu hapo hapo, ikiwa nyingi zaidi ni hospitali haraka bila kusubiri asubuhi. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa kifua na pumzi inakata, hiyo nayo ni hospitali, linaweza kuwa pafu limetoboka. Mengine yote pumzika, mkiendelea sawa, msipoendelea sawa.

Twende kwenye mkojo, na hapa nakaa kidogo kwa sababu hapa ndo naona kinadada wakijidhuru kimya kimya.

Mkojo unavuja kwa sababu misuli iliyoko chini ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa, imepigwa na kikohozi mara mamia kwa siku tangu uko mtoto. Wanawake wengine inawatokea baada ya kuzaa au umri ukienda, nyie wenye CF inaanza hata sekondari. Haina uhusiano na usafi wala na kuwa "umelegea" kwa sababu ya mapenzi, naomba hilo neno ulitupe. Sasa msichana akiona anavuja anafanya vitu viwili, anapunguza kunywa maji na anaacha kukohoa vizuri wakati wa kusafisha kifua. Anakohoa kidogo kidogo juu juu ili asilowe. Mdogo wangu, angalia hesabu yake. Wewe mwili wako unapoteza chumvi na maji kwa jasho kuliko mtu mwingine, ukipunguza maji makohozi yanakuwa gundi, choo kinakuwa kigumu, unajikamua chooni na misuli ile ile inazidi kuchoka, na makohozi yanayobaki kifuani yanaleta maambukizi, maambukizi yanaleta kikohozi zaidi. Yani mtu anapoteza pafu ili asiloweshe nguo ya ndani, na daktari wake wa mapafu hajui kwa nini pumzi inashuka kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Kinachosaidia ni mazoezi ya hiyo misuli, na yana namna yake. Kaa kwenye kiti sasa hivi unaposoma. Fikiria unazuia upepo usitoke, halafu hapo hapo unazuia na mkojo, vuta kwa ndani na juu, matako yasikaze, mapaja yasikaze, na usizuie pumzi, hapo ndo wengi mnakosea. Shikilia ukihesabu mpaka sita au nane, achia taratibu kabisa, pumzika, rudia. Lenga mara 8 kila awamu, awamu 3 kwa siku, na uvumilie miezi 3 kabla ya kusema hayafanyi kazi. Ukishajua kubana, jifunze kubana KABLA ya kukohoa. Ukisikia kile kitekenyo cha koo tu, bana kwanza, kohoa ukiwa umebana, achia ukimaliza. Mwanzoni unasahau, baada ya wiki kadhaa mwili unajibana wenyewe. Mtaalamu wa fiziotherapia wa kliniki yako anaweza kukuangalia kama unabana misuli inayotakiwa, mwombe, usimsubiri akuulize.

Kitandani kwa sasa, kojoa kabla, tandika taulo la rangi ya giza kabla hamjalala, ili isiwe jambo la dharura likitokea. Na mikao ile ya ubavu inapunguza uzito juu ya kibofu, utaona tofauti.

Fangasi. Antibaotiki inaua bakteria wabaya wa kifua na inaua na wale wazuri wa ukeni wanaowazuia fangasi wasizaane, ndo maana kila kozi na muwasho wake. Kuna na sukari. Karibu nusu ya watu wazima wenye CF wanapata kisukari cha CF kwa sababu kongosho limeharibika, na sukari ikipanda fangasi wanafurahi. Kwa hiyo kama inakurudia mara 3 au 4 kwa mwaka, nakutaka uulize kipimo chako cha sukari cha mwisho kilikuwa lini, kile cha kunywa maji ya glukosi, maana kinatakiwa kila mwaka kama bado huna kisukari. Na wapime ute wenyewe angalau mara moja wahakikishe ni fangasi kweli, sio kila muwasho ni fangasi, na CF haikukingi na magonjwa ya zinaa.

Kuhusu dawa, hapa tafadhali nisikilize vizuri. Vile vidonge vya fangasi vya kumeza, flukonazoli na ndugu zake kama itrakonazoli, vinagongana na Trikafta, vinafanya Trikafta ikae nyingi kwenye damu na dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa. Usinunue ukameza, waulize kliniki kwanza. Cha kuweka ukeni, kama klotrimazoli, ndo salama zaidi kwako kuanzia, ila mafuta yaliyomo yanalegeza mpira wa kondomu, kwa hiyo siku za dawa hiyo msitegemee kondomu. Wengine kliniki inawaandikia waanze dawa ya ukeni pamoja na kozi ya antibaotiki badala ya kusubiri muwasho, liulize na hilo. Na usijisafishe ndani kwa sabuni wala dawa yoyote, unafukuza wale wazuri waliobaki.

Hujaniandikia ukavu lakini nausema kwa sababu wengi mnao na mnadhani ni kukosa mapenzi. Ute ni ute, ukikosa maji kifuani unaweza kukosa na huku. Kilainishi cha maji, kingi, na muda wa kuandaana usikatwe. Kama hamu yenyewe imepotea, tuangalie uchovu, tuangalie sonona na wasiwasi ambavyo kwa CF viko juu kuliko kwa watu wengine, tuangalie na dawa, baadhi ya dawa za sonona zinashusha hamu na zinaweza kubadilishwa. Wapo pia ambao tangu waanze Trikafta wamebadilika hisia au usingizi, na wapo wanaojiangalia kwenye kioo hawajitambui kwa sababu wameongezeka kilo walizokuwa wanazitafuta maisha yao yote. Hilo nalo ni la kuongea, mwili mpya unahitaji muda wa kuzoeana nao.

Uzazi wa mpango, ikiwa kipimo kimesema hakuna mimba na hutaki kwa sasa. Mi kwa kinadada wengi wenye CF naanza na kitanzi au kijiti, kwa sababu unaweka unasahau, una dawa za kutosha za kukumbuka kila siku. Vidonge vinawezekana na Trikafta haivipunguzi nguvu. Ila kama uko kwenye Orkambi, dawa nyingine ya CF, au siku moja ukarudishwa, ile ndani yake ina kitu kinachofanya ini livunje homoni haraka, vidonge, kijiti na sindano vinaweza visikulinde, hapo ni kitanzi au kondomu. Rifampisini, ile dawa ya TB, nayo inavuruga homoni hivyo hivyo. Antibaotiki za kawaida hazivurugi, ila zikikutapisha ndani ya masaa 3 baada ya kidonge, hesabu hukumeza. Vidonge vyenye estrojeni sivitaki kwa mtu aliyewahi kuganda damu, mwenye ini lililoharibika sana, au mwenye shinikizo kubwa kwenye mishipa ya mapafu, na kama una poti tuambie maana nayo inaweza kugandisha. Sindano ya miezi 3 siipendi sana kwenu, inapunguza uimara wa mifupa na mifupa yenu tayari ina deni kwa sababu ya vitamini D na lishe. Sio marufuku, ila isiwe ya kwanza. Kondomu bado inabaki kwa ajili ya magonjwa ya zinaa, na kama hujachanjwa HPV, chanjwa, na kipimo cha mlango wa kizazi usikiruke. Dada zetu waliopandikizwa mapafu wanahitaji kukifanya mara nyingi zaidi kwa sababu dawa zao zinashusha kinga, na baadhi ya dawa hizo zinaharibu mtoto tumboni, wao mimba bila mpango kabisa kabisa isitokee.

Ukija kumtaka mtoto, njoo miezi kadhaa kabla, tuangalie pumzi, uzito, sukari na dawa zote moja moja. Na mwenzako apimwe jeni. Kama hana jeni ya CF yenye hitilafu, watoto wenu watakuwa wabebaji tu, hawataumwa. Kama naye ni mbebaji, kila mimba ina nusu kwa nusu ya mtoto kuwa na CF. Aombe kipimo kipana, kwa sababu mabadiliko ya jeni hii yanayojulikana ni zaidi ya 2000 na vile vipimo vyembamba vinatafuta machache yaliyozoeleka, mtu anaweza kuambiwa yuko salama kumbe hawakutafuta la kwake.

Kama ni hatari kwake? Hapana. CF haiambukizi, sio kwa busu, sio kwa tendo, sio kwa kulala mto mmoja, unazaliwa nayo au huzaliwi nayo. Bakteria wa kifua chako kwa mtu mwenye mapafu mazima na kinga nzuri kwa kawaida hawamfanyi chochote. Hatari iko upande mwingine, mafua yake ndo yanakuja kukulaza wewe, kwa hiyo akiwa na mafua mabusu yasubiri bila mtu kununa, na chanjo ya mafua wote wawili. Tofauti ingekuwa kama naye angekuwa na CF, hapo ningeongea kwa ukali maana bakteria kama Pseudomonas na Burkholderia wanahama kutoka kifua kimoja cha CF kwenda kingine, ndo maana kliniki wanawaweka mita 2 mbalimbali.

Na utamwambiaje. Hujamdanganya mdogo wangu, umemwambia nusu kwa sababu hiyo nusu nyingine ni nzito. Usimkalishe chini na uso wa msiba ukaanza na umri wa kuishi na takwimu za kwenye intaneti ambazo nyingi ni za kabla ya dawa zako. Anza na anachokiona tayari. Kikohozi anakisikia. Vidonge vya kabla ya kula amekuona ukimeza kwa kugeukia ukutani, usifikiri hajaona. Mwambie kitu kimoja kifupi, kwa mfano: "Nina kitu kinaitwa CF, nilizaliwa nacho, hakiambukizi, kinafanya ute wa mwilini kuwa mzito ndo maana nakohoa na ndo maana nameza hivi." Halafu nyamaza. Mwache aulize. Atauliza kama utapona, mwambie haiponi ila inatibika na wewe uko kwenye dawa nzuri inayokufanyia kazi. La mtoto na la kondomu mwambie siku hiyo hiyo, hilo linamhusu na yeye. La mkojo unaweza kuliacha kwa siku nyingine, halina haraka, na akikupenda pengine alishalijua.

Na ile chumvi. Ulicheka ukasema jasho, na ni jasho kweli, kwa sababu vile vijilango kwenye ngozi yako vilikuwa havirudishi chumvi ndani kama kwa watu wengine. Ndo kipimo kinachotumika kuitambua CF, wanakusanya jasho la mkononi wanapima kloraidi, ikifika 60 kwenye kipimo chao mtu ana CF. Wewe labda ulipimwa hivyo hivyo ukiwa mchanga. Trikafta inaishusha hiyo chumvi, kwa hiyo alichokionja juzi ni kidogo kuliko angekionja mwaka jana. Wazazi wengi zamani walianza kushtuka hivyo hivyo, wakimbusu mtoto kwenye paji la uso. Akikubusu tena akasema una chumvi, usicheke. Mwambie ngoja nikuambie kwa nini.